Rangi za Gari la Marehemu

Sehemu ya saba

Aliyenisoma tangu mwanzo anaweza kuruka mistari hii. Aliye mgeni ajue kwamba jina langu ni Odile Mbayo, mjane, mkaaji wa Kolwezi. Mume wangu, Kisimba, alifunikwa na udongo kule kwenye mgodi wa Mashamba miaka mitano iliyopita. Kabla ya matanga kwisha, ndugu zake walikuja na pikapu. Walibeba kitanda, friji, mapazia, hata sufuria ya maharagwe iliyokuwa motoni. Maharagwe waliyamwaga chini, wakaondoka na sufuria ingali ya moto.

Nilibaki na nguo nilizovaa. Baadaye nikapata kazi ya ukarani kwenye depo ya kununulia mawe ya shaba, kwa Tata Louis Tshimanga. Huko nilikaa miaka minne.

Juma lililopita niliwaacha kwenye Jumanne asubuhi. Tata Tshimanga amekufa kitandani mwake, moyo umesimama, na mke wake, Mama Yolande, amenipigia simu mimi kabla ya kumpigia pasta, kabla ya ndugu yeyote. Nilipofika alinishika mikono yote miwili.

"Odile, nipe siku mbili. Siku mbili tu, muntu asijue."

Wiki tatu kabla ya hapo, Tata alikuwa amemwambia kwamba nyumba anaiandikisha kwa jina la watoto. Alikwisha kusaini. Karatasi ingetoka Alhamisi. Kama mdogo wake Tata, yule Kalonji wa Likasi, angesikia msiba kabla ya Alhamisi, angekimbia ofisini kuzuia, na ukoo wote ungeshuka kutoka Kasai kuja kuhesabu viti.

"Weye unajua vile banafanya," Mama aliniambia. "Bilikufikia."

Niliiona ile sufuria. Nikasema ndiyo.

Basi hapo ndipo tunapoanzia leo. Ni Jumatano, saa tatu asubuhi, na mtu amelala chumbani siku ya pili.

Watoto walikuwa kwa dada yake Mama. Mfanyakazi wa ndani alipewa ruhusa aende kwao. Tulifunga madirisha yote, tukateremsha mapazia, tukawasha klimatizeri, mashine ya baridi ya chumbani, mpaka mwisho. Ilinguruma kama lori lililokwama kwenye tope.

Jambo hilo la madirisha liliniuma kuliko yote. Tata Tshimanga, akiwa kijana, aliwahi kufukiwa ndani ya shimo siku nzima kabla ya wenzake kumchimbua. Tangu hapo hakulala tena na dirisha lililofungwa, hata mwezi wa sita wakati wa baridi. Sasa tulikuwa tumemfungia.

"Mama, tufungue kidogo," nilisema.

"Voisin, hapo nyuma ya ukuta, atasikia harufu."

Hakukuwa na harufu bado. Sikubishana.

Simu ya Tata ilikuwa mezani katikati yetu. Kazi yangu ilikuwa kujibu. Nilimwandikia barua miaka minne, nilijua jinsi anavyosema. "Niko mu réunion." "Niko na homa kidogo." "Nitakupigia." Kufikia Jumatano nilikuwa nimejibu watu kumi na zaidi, na hakuna aliyeshtuka. Mtu anaweza kufa na mji usijue, mradi simu yake inajibu.

Ndipo ukaingia ujumbe wa Rémy.

Rémy ni mtu wa Kolwezi anayeishi Afrika Kusini. Anawaagizia wakubwa magari. Kalonji ndiye aliyemjulisha kwa Tata. Aliandika hivi:

"Patron, bonjour. Leo njo mwisho. Kiwanda kinafunga commande saa sita. Bado couleur ya inje, couleur ya ndani, toit, mushono na mikanda. Miezi tano nakungoya. Kama haujibu, napigia Kalonji apite kwako."

Mama alisoma mara mbili: rangi ya nje, ya ndani, paa, uzi wa mshono, mikanda ya viti, yote kabla ya saa sita.

"Ile motokari," alisema. "Hata vile amekufa, ile motokari inatufwata."

Ilikuwa gari la mbio, viti viwili tu, na paa la kitambaa linalojikunja lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Depo nzima ilicheka Tata alipoliagiza. Wachimbaji walimwambia usoni: "Tata, vumbi ya huku itakuzika mu kiti." Yeye alijibu kwamba amechoka kuwa na kitu juu ya kichwa. Hilo tulielewa, tukaacha kucheka.

"Mwandikie yee mwenyewe achagule," Mama alisema.

Nikaandika. Jibu la Rémy lilirudi upesi.

"Hapana Patron. Ulisema hakuna muntu atakuchagulia, hata kama unakufa."

Mama Yolande alifunika uso kwa kitambaa. Nilidhani analia. Alipokitoa macho yalikuwa makavu.

"Lete. Tuchagule."

Rémy alikuwa ametuma ukurasa ambamo gari linazunguka polepole kwenye sakafu nyeupe. Ukigusa rangi, gari linabadilika. Ukigusa tena, linafunguka na kukuonyesha viti. Tulivuta viti vyetu tukakaa bega kwa bega.

"Weka noire," Mama alisema. "Muntu mukubwa anatembeaka mu noire."

Nikagusa nyeusi. Gari likageuka jeusi, likazunguka.

"Mama, yee alikuwa anasema noire ni ya kubeba bafu."

Tukageuka wote wawili kuutazama mlango wa mfu wetu. Chumbani mashine ilikuwa inanguruma.

"Toa," alisema.

Tukajaribu nyeupe. Alisema itachafuka kabla ya kufika benki. Tukajaribu rangi ya fedha. Alisema kila mtu wa migodini anayo. Kisha akaelekeza kidole kwenye kijani.

"Vert. Aah, weka vert. Bwana yangu alikuwa anapenda vert sana. Kila mwaka ku fête ya ndoa yetu ananiletea kitenge, wax ya vert, mupya, ya muzuri. Mbele alikuwa ananiletea bitambala bya ovyo, nilikuwa naona haya kubivaa. Lakini hii miaka ine, alijua kuchagula. Nilijiambia, tazama, bwana yangu anazeeka na anaanza kuniangalia."

Miaka minne. Ni miaka ile ile ya kazi yangu.

Hapo ningefunga mdomo. Mwanamke mwenye akili angefunga. Lakini nilikuwa sijalala usiku kucha, na rangi ya kijani ilikuwa ya hatari, kwa sababu nitakayowaambia. Niliogopa. Hofu ikanisemesha.

"Mama, zile wax, mi njo nilikuwa nachagula."

Aligeuka akanitazama.

"Namna gani?"

"Yee alikuwa ananituma. Juu Tata alikuwa haone vert. Vert na rouge alikuwa anaona vile vile, kama udongo. Tangu kuzaliwa."

Acheni niwaeleze jinsi nilivyojua kwamba Tata hatofautishi kijani na nyekundu. Nilipokuwa na mwezi mmoja kazini, mchimbaji alileta mfuko wa mawe. Tata aliinama juu ya mfuko kwa muda mrefu, akageuza jiwe, akaliweka, akalichukua tena. Kisha akanisogelea kama anayeuliza saa.

"Odile, mule unaona nini?"

"Naona vert, Patron. Vert mingi."

Alinunua ule mfuko. Jioni aliniita ofisini, akafunga mlango lakini akaacha dirisha wazi. Aliniambia kwamba mtu aliyekuwa akimtazamia mawe kwa miaka yote amekufa. Jiwe la shaba linajulikana kwa ukijani wake. Mnunuzi asiyeona ukijani akijulikana, watamuuzia matope hadi amalizike.

"Ni weye na mudogo yangu Kalonji tu munajua," alisema. "Yee pia haone. Tulizaliwa vile."

Kwa hiyo nilisimama karibu naye miaka minne. Nikikohoa mara moja, jiwe zuri. Nikinyamaza, baya. Ndugu wasomaji, hilo tu ndilo lililokuwa kati yetu.

Kwenye simu gari la kijani liliendelea kuzunguka.

"Nilikuwa napika nyama," Mama Yolande alisema mwishowe, taratibu. "Anaangalia mu sahani, anauliza: Yolande, hii imeiva? Kila siku. Nilikuwa nawaza anazarau mapishi yangu. Nilikuwa namujibu mubaya."

"Alikuwa anaona haya, Mama."

"Miaka makumi mbili na tatu. Mi njo bibi yake. Haya ya nini kwangu?" Akaweka mkono juu ya simu. "Na nini ingine unajua ya bwana yangu, mi sijue?"

"Hakuna."

"Ulilala naye?"

"Hapana, Mama."

Aliinuka, akaenda kuchukua Biblia kubwa ya Tata kwenye kabati, ile ya Kiluba, akaiweka mbele yangu.

"Apa."

Niliapa. Naapa na kwenu pia. Mkono wa Tata Tshimanga haukunigusa hata siku moja.

Lakini niliposema hakuna kingine ninachojua, nilisema uongo, na mkono wangu ulipokuwa juu ya Biblia sikuusahihisha.

Jumatatu, siku moja kabla ya kufa, Tata aliniita kwenye dirisha la ofisi. Alikuwa ameshachagua. Miezi mitano alikuwa ameshindwa kwa sababu kila rangi aliyoipenda hakuwa na hakika ni ipi, na hakutaka kuchekwa. Siku hiyo alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Bleu inje," alisema. "Jaune mu ndani. Viti, mushono, mikanda, yote jaune. Batacheka?"

"Batacheka sana, Patron."

"Bacheke. Hizo mbili njo naona vile bantu bote banaona. Ninunue motokari, na nisiione?"

Alitaka kumwandikia Rémy kesho yake.

Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, la maneno mawili tu: bluu, njano. Sikulisema. Mtaniuliza kwa nini. Nilijiambia kwamba Mama ameumizwa vya kutosha, nikimwambia kwamba hata hili aliniambia mimi, Biblia haitatosha. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba watu walikwisha kuninyang'anya kila kitu hadi sufuria, na mtu huyu sikuwa na haki naye yoyote, hata ya kumlilia. Nilitaka nibaki na kitu chake kimoja ambacho hakuna mwingine aliyenacho.

Mama alinipokonya simu.

"Motokari ya bwana yangu, mi njo nachagula. Vert inje."

"Mama, Kalonji akisikia vert..."

"Kalonji hanivalishe mavazi. Hata motokari hatanichagulia." Akagusa ndani. "Viti, rouge. Ngozi ya rouge. Basi aone sasa."

Aligusa kwa nguvu, kama anayetoboa. Lakini gari lilipofunguka na vile viti vyekundu vikatokea ndani ya ule mwili wa kijani kibichi, mkono wake ulipoa. Lilikuwa zuri. Akasogea karibu. Akaomba kuona kitambaa cha paa, akapita kwenye nyeusi, bluu, kahawia, akarudi nyuma, akasimama kwenye rangi ya maziwa.

"Mushono, inafaa nini?" aliuliza. "Beige kama toit, au rouge?"

"Beige, Mama. Itaonekana juu ya rouge."

"Eeh. Na mikanda?"

"Mikanda ya rouge."

"Rouge haitakuwa mingi?"

"Hapana. Itakuwa muzuri."

Alitabasamu. Naona aibu kuwaandikia, lakini kwa dakika kumi tulikuwa wanawake wawili wanaochagua vitambaa sokoni. Alishika taya, akasema siku gari likifika atafunga kilemba cha kijani ili afanane nalo, na yeye na Tata watakwenda hadi Likasi paa likiwa wazi.

Wakati huo umeme ukakatika.

Mashine ya chumbani ikanyamaza. Tukasikia saa ya ukutani. Mama Yolande bado alikuwa na lile tabasamu, halafu nikaliona likitoka kidogo kidogo, hadi likaisha.

Alibonyeza kutuma. Kisha akaenda kuwasha groupe, ile jenereta ya uani, peke yake, bila kuniomba msaada.

Rémy alijibu kwa pongezi: "Félicitations Patron. Chaguo ya mufalme." Akatuma na picha ya gari.

Tulidhani tumepona.

Saa tisa mchana Kalonji alimwandikia kaka yake, yaya kama alivyozoea kumwita.

"Yaya, Rémy ananiambia umechagula vert na rouge. Weye mwenyewe?"

Mama aliniamuru nijibu kwamba Rémy alisaidia. Nikajibu.

"Rémy anasema hakusaidia. Anasema mu nusu saa ulimaliza yote, hata mushono. Yaya, vert na rouge tangu lini?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake kwenye shingo yangu.

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Mama yetu alikuwa anatupiga kila jumapili juu ya nini? Nijibu tu hii."

"Unajua?" nilimwuliza Mama.

"Sijue. Na weye?"

"Sijue."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa ujuzi wetu, wangu na wake, juu ya Louis Tshimanga. Tulitazamana. Simu ikaanza kulia. Tukaiacha ilie mpaka ikachoka, ikaanza tena, ikachoka. Halafu:

"Keso asubuhi niko kwako."

Mama hakupiga kelele. Aliketi, akapanga mambo kama mtu anayepanga bajeti ya sherehe.

"Keso ofisi inafungula saa mbili na nusu. Unajua dirisha, weye njo ulikuwa unapeleka karatasi yake. Utachukua ile ya nyumba. Mi nitabaki hapa na Kalonji. Nitamwambia yaya yake analala. Karatasi ikiisha kutoka, hata akivunja mulango, haina tena maneno."

"Na mi, nikimukuta hapa?"

"Weye unaleta karatasi tu."

Hakuniita Odile tena tangu ile Biblia.

Alhamisi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilivaa nguo ya kazini ili nisionekane na msiba. Mwanamke wa dirishani alinifahamu. Alitafuta kwenye rundo, akatoa bahasha, akasukuma kitabu kikubwa mbele yangu.

"Saini hapa, mama."

"Niko nachukulia patron yangu. Tata Tshimanga."

"Eeh, yee njo alileta dossier. Lakini saini ni ya mwenye jina."

Nilidhani anaongea vibaya kwa haraka. Nikasaini. Nikatoka, nikasimama pembeni mwa ukuta, nikafungua bahasha ili nione majina ya watoto, Jémima na wadogo zake, nipate moyo.

Kiwanja kilikuwa kile. Namba ilikuwa ile. Barabara ile.

Jina lilikuwa Odile Mbayo.

Nilisoma tena kwa kidole. Jina langu, siku niliyozaliwa, mahali nilipozaliwa. Nikakumbuka mwezi wa tano, Tata aliniwekea karatasi nyingi mezani, akasema saini hapa na hapa na hapa, na mimi nikasaini zote huku nikihesabu mifuko, kwa sababu ni yeye.

Kwa nini alifanya hivyo? Huenda aliona kwamba jina la mke au la watoto ndugu zake watalivunja mahakamani, na jina la mgeni hawatalifikiria. Huenda aliniamini nitawatunzia. Nilikuwa nimemsimulia habari ya sufuria, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Huenda alikuwa na fikra nyingine ambayo sitaijua. Hakuacha barua. Hakuniambia neno. Siku ile dirishani alizungumzia bluu na njano tu.

Na jana mke wake aliniuliza kama nililala naye, nami nikaapa.

Nilikunja bahasha mara mbili, nikaiweka ndani ya blauzi. Nilitembea kwa miguu hadi kwa marehemu. Sikupanda pikipiki, nilitaka njia iwe ndefu.

Nilisikia vilio kabla ya kufika kwenye kona.

Geti lilikuwa wazi. Majirani walikuwa wamejaa uani, na wanawake wa kanisa walikwisha kukaa chini. Madirisha ya chumbani yote yalikuwa yamefunguliwa, mapazia yanapepea nje. Kalonji aliketi kwenye ngazi, peku, amevua hata saa. Anafanana na kaka yake kwa paji la uso na kwa mabega. Aliponiona aliinuka.

Nilingoja kofi. Hakunipiga.

"Odile, ni weye ulikuwa unaniandikia?"

"Ni mi, Tata."

"Mardi nilimwandikia yaya, muke yangu alizaa, mutoto mwanamume, tunamupatia jina yake. Ulijibu nini?"

Nilikumbuka. Niliandika upesi ile Jumanne, kati ya majibu mengine.

"Nilijibu: Mungu amulinde, mudogo yangu. Niko na furaha na weye."

"Yaya hakuniambiaka neno kama ile hata siku moja mu maisha yetu." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilisomea muke yangu. Nililia mbele ya infirmières bote ba hospitali. Kumbe alikuwa analala hapa, amefungiwa kama muntu wa mu shimo."

Akageukia yale madirisha yaliyofunguliwa.

"Yolande anasema mulificha juu ya nyumba. Juu mulikuwa munaniogopa mi. Mi niko na nyumba, Odile. Nilikuwa nakuja juu nilijua kuko muntu mubaya na telefone ya yaya. Nilikuwa nawaza bamemukamata."

Siwezi kuwaambia kama ni kweli. Ndugu za mume wangu nao walilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli, na pikapu ilikuwa inangoja nje. Nilimtazama machoni nikaona mtu aliyefiwa. Zaidi ya hapo sikuona.

Akanishika kiwiko, akaniambia kwa upole: "Ingia. Anakuuliza."

Mama Yolande alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, miguu imenyooshwa, kichwa wazi, wanawake wamemzunguka. Walimvua pete na hereni. Aliponiona alinyoosha mkono, wanawake wakanipisha. Nilipiga magoti mbele yake. Alinivuta hadi sikio langu likawa mdomoni mwake.

Alinuka kama mtu ambaye hakuoga siku tatu. Nilimhurumia. Nataka muandike hilo pia upande wangu.

"Imetoka?" alinong'ona.

Bahasha ilikuwa inanikwaruza kifuani. Kalonji alisimama mlangoni, anatutazama. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, na mlango usiofunga vizuri. Nilikuwa na jina langu kwenye karatasi ya nyumba, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Mama aliminya mkono wangu.

"Odile. Imetoka?"

Alikuwa ameniita tena kwa jina.

"Bado, Mama," nilisema. "Banasema turudie jumatatu."